Muhuri Ulioanguka Wimani

Safari yangu ya Wimani ilianzia kwenye kochi la mjomba Hemedi. Nilikuwa nimelala pale wiki tatu, shingo imekunjwa kama bomba la sinki, simu iko kifuani, natazama video za kutibu mgongo. Nilitazama mia mbili na kumi. Kila moja ilisema: inuka, utembee. Nilikubaliana nazo zote kwa moyo mmoja, kisha nikafungua inayofuata.

Mjomba ni fundi ujenzi na mimi nilitakiwa kuwa fundi mwenzake. Ilipofika mahali nikipiga chafya nalia, alinitazama kama anavyotazama ukuta uliojengwa na fundi mwingine. "Mshamu," akasema, "nenda Wimani. Nasikia huko hakuna mtu aliyepinda. Wakishindwa na wao, ukirudi nitakujengea juu ya dirisha uwe tao."

Akaniwekea mfukoni timazi lake, kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye uzi ili kujua kama ukuta umesimama sawasawa, nisije nikasahau kazi. Nilivyosafiri hakuna anayehitaji kujua. Nilipanda, nikashuka, na mgongo uliuma kotekote. Nilifika Jumanne asubuhi.

Afisa wa mpakani alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya kijani. Nilimwamkia shikamoo na, kama nilivyolelewa, nikainamisha kichwa kidogo. Filimbi ikalia.

"Umefanya nini hapo?" akauliza.

"Nimekuamkia, mama."

"Umeinama."

"Nimeinama kwa heshima."

"Heshima ya huku iko juu," akasema, akaonyesha dari. "Hapa mkubwa anaamkiwa hivi. Mdogo anasema, 'Kidevu ndani!' Mkubwa anajibu, 'Mabega nyuma!' Basi. Jaribu."

Nilijaribu. Akagonga paspoti yangu maneno haya: HARUHUSIWI KUINAMA. Akanieleza kwamba kuinama kumepigwa marufuku nchini kwao tangu enzi za Mwasisi, kwa kuwa mgongo ni mali ya taifa na mwananchi ameazimwa tu.

"Na nikianguka je?" nikauliza. Mimi nikipewa sheria hupenda kujua mlango wake wa nyuma uko wapi.

"Kuanguka si kosa. Kuanguka ni bahati mbaya. Serikali hutoa pole." Kisha akanipa vijitabu kumi na viwili vya kujitunza mgongo, jumla kama kilo tisa hivi, akanionya nisivitue njiani. Cha juu kabisa kilihusu madhara ya kubeba mizigo mizito.

Jambo la kwanza nililoliona mjini ni kwamba watu wote walikuwa wameegemea nyuma bila kuegemea kitu, kama mtoto anayekataa kijiko cha dawa. Wazee, vijana, polisi, wote wamelalia nyuma, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana. Nilimuuliza muuza maji kama kuna msiba. Akasema hapana, huo ndio uso wa mtu aliyenyooka.

Jambo la pili ni mambo ya chini. Kitu kikidondoka Wimani hakiokotwi. Kinaitwa marehemu. Pale sokoni niliona bwana mmoja akidondosha funguo za nyumba yake. Alivua kofia. Waliokuwa karibu wakavua kofia. Tukasimama dakika moja kimya, halafu jirani yake akamshika bega.

"Pole, ndugu yangu. Zilikuwa funguo nzuri."

"Ahsante. Tulikuwa nazo miaka sita."

Akaenda kutafuta fundi wa kuvunja mlango. Nilipotazama vizuri nikagundua kwamba tangu mpakani nilikuwa natembea juu ya marehemu: vijiko, vitana, kalamu, viatu vya mguu mmoja mmoja, na seti ya meno ya bandia ambayo ilikuwa bado inacheka.

Maisha yao yote yako usawa wa kifua. Jiko liko kifuani, kitanda kifuani unapandishwa kwa ngazi, kuku wanafugwa kwenye rafu, mbuzi anakamuliwa akiwa jukwaani kama mwanamuziki. Wanakula mahindi, mapapai na chochote kinachoota pale mkono unapofika. Lakini chakula wanachokipenda kuliko vyote ni karanga, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia, maana nilipangishiwa chumba kwa mwanamke anayeziuza.

Aliitwa Bi. Sikudhani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye kicheko cha kushtukiza, na alitembea kama mtu aliyesahau kwamba ana mgongo. Yeye peke yake mjini hakuegemea nyuma. Kwa macho yangu alikuwa amesimama sawasawa. Kwa macho ya Wimani alikuwa amepinda mbele, na watoto walifundishwa kutomtazama sana.

Sebuleni nilimkuta shemeji yake, Bwana Chilumba, mdogo wa marehemu mumewe. Ninaposema marehemu hapa nina maana ya kwetu. Alikuwa ameketi kwenye kiti rasmi, kijitabu mkononi, na vingine mia tatu na zaidi vimepangwa ukutani. Alikuwa hajainuka tangu alfajiri.

"Kidevu ndani!" nikamwamkia.

"Mabega nyuma! Karibu, mgeni. Niko ukurasa wa arobaini. Hapa wanaeleza kwamba mtu asikae muda mrefu."

"Na mgongo unaendeleaje?"

"Unaniua," akasema. "Lakini sasa naelewa kwa nini."

Bi. Sikudhani alinipa bakuli la karanga za kukaanga, akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa mlangoni. Ilitoka Wizara ya Migongo. Ilisema kwamba yeye, Sikudhani binti Makame, ameshindwa Kipimo mara mbili. Kwamba Kipimo cha tatu na cha mwisho kitakuwa Alhamisi. Na kwamba akishindwa atawekwa kwenye Ubao siku tisini.

"Ubao ni nini, mama?"

"Unafungwa wima kwenye ubao, mwanangu, kuanzia kisogo mpaka visigino. Halafu wanakusomea vijitabu."

"Siku tisini?"

"Vikiisha wanaanza upya." Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Ubao nitauvumilia. Shida yangu ni karanga. Zimekomaa. Zisipong'olewa wiki hii zitaota tena huko huko chini, na mimi mwaka mzima nitakula nini? Nitakula ubao?"

Nilimtazama Bwana Chilumba ili nione kama ana la kusema. Alikuwa anatafuna karanga na kufungua ukurasa wa arobaini na moja.

Jumatano alfajiri alinipeleka shambani. Lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa ua wa matete marefu kuliko mtu, na hapo nikaelewa kwa nini alikuwa anashindwa Kipimo. Bi. Sikudhani alitazama kulia, akatazama kushoto, akakunja magoti, akainama, akang'oa shina la karanga, akalikung'uta. Nilishtuka kana kwamba nimeona mtu anaiba. Siku moja tu nchini, na tayari nilikuwa nimeshaharibika.

"Watu hawajui?" nikanong'ona.

"Wanajua nini? Uliza mjini karanga zinatoka wapi. Watakwambia zinatoka sokoni."

"Na mgongo hauumi?"

"Unachoka. Kuchoka si kuuma."

"Siri yako ni nini, mama? Kijitabu namba ngapi?"

Alisimama, akajinyoosha, akanitazama kama ninavyostahili kutazamwa. "Siri? Nikichoka kuinama nasimama. Nikichoka kusimama nakaa. Nikichoka kukaa naondoka. Mzigo naukumbatia karibu na tumbo, siunyooshei mikono kama naogopa utaniuma. Mgongo ukiufunga siku nzima unakuwa kama bawaba ya mlango wa stoo, ukija kuufungua unalia. Sasa wewe umekuja kunisaidia au kunihoji?"

Nilikunja magoti. Kiuno changu kilitoa mlio uliofanya ndege waondoke kwenye matete. Lakini niling'oa shina moja, halafu nikasimama. Nikang'oa la pili, nikatembea hadi kwenye mtungi wa maji na kurudi. Kufikia saa nne nilipiga chafya bila kulia. Sikupona, nisije nikawadanganya, ila ule mgongo ulianza kuzungumza nami kwa sauti ya kawaida.

Tuling'oa matuta mawili kati ya kumi na sita. Zaidi ya hapo tusingeweza, kwa kuwa mchana wakaguzi hupita wakisikiliza kwenye nyua.

Mchana ule nilikwenda kutazama Bunge lao. Linasimama, halikai; viti vimeondolewa tangu zamani. Hoja iliyokuwa mezani, na ilikuwa imekaa hapo miaka arobaini, ni hii: mtu akilala, mto uwekwe chini ya magoti au katikati ya magoti? Pande mbili hazisalimiani. Mjumbe mmoja wa Chini alimwambia mjumbe wa Katikati kwamba ukoo wao mzima umelala vibaya hadi bibi yao. Wa Katikati akajibu kwamba wa Chini wanaficha kitu chini ya ule mto. Kijana mmoja mgeni ukumbini alisimama, yaani alikuwa ameshasimama, akauliza je, anayelala ubavu si aweke katikati, na anayelala chali aweke chini? Walimtoa nje kwa kuleta fujo. Kijana huyo alikuwa mimi.

Alhamisi tukaenda Wizarani.

Uani pale kuna sanamu ya Mwasisi, ndefu, ya chuma, na yenyewe ndiyo chanzo cha vipimo vyote vya nchi. Kila miaka mitano mafundi huja na fremu, wanachukua mwinamo wa mgongo wa sanamu, wanachonga Nguzo za Kupimia, wanazisambaza mikoani. Mwananchi anasimamishwa mbele ya Nguzo. Mgongo wake ukigusa Nguzo kuanzia juu hadi chini, amefaulu. Kukiwa na nafasi ya vidole vitatu, ameshindwa.

Mimi nimekaa na mjomba kwenye saiti za kutosha kujua kitu kinachotaka kuanguka. Niliitazama ile sanamu, nikatazama chini yake. Msingi ulikuwa umetitia upande wa nyuma, na alama ya maji ya mafuriko ya zamani ilionekana wazi kwenye jiwe. Mwasisi alikuwa anaanguka chali, polepole, miaka mingi, na taifa zima lilikuwa linamfuata.

Kesi ilisikilizwa mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Migongo, Mheshimiwa Ngwandu. Alikuwa mtu mrefu aliyeegemea nyuma kuliko wote, hata ili akuone ilibidi aangalie kwa juu ya mashavu yake. Mkononi alishika muhuri wa Wizara, mkubwa kama kinu kidogo. Bi. Sikudhani alisimamishwa mbele ya Nguzo. Karani akaingiza vidole.

"Vitano, mheshimiwa," akasema karani. "Na kidole cha sita kingeingia kama ningekuwa nacho."

"Shahidi wa serikali," akaita Mheshimiwa.

Akaingia Bwana Chilumba, mkono kiunoni. Nilimwona Bi. Sikudhani akifumba macho.

"Nilimripoti kwa upendo," akasema Bwana Chilumba. "Kijitabu cha themanini na nane kinasema: umpendaye, mripoti. Nimemsikia shemeji yangu akihema nyuma ya matete kwa namna ambayo mtu aliyesimama hawezi kuhema. Barua yangu mnayo."

"Naomba niione hiyo barua," akasema Bi. Sikudhani. Akapewa. Akaigeuza. "Shemeji. Barua ina mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya karanga zangu. Ulikuwa unaniripoti huku unanitafuna."

Ukumbi ukacheka, kisha ukashika kiuno, maana kucheka ukiwa umeegemea nyuma ni adhabu. Bwana Chilumba alitazama dari, na kwa kuwa watu wote huko hutazama dari, hakuna aliyejua kama ameona aibu.

Hapo ndipo nilipotoa timazi la mjomba. Niliomba ruhusa ya kusema, nikafungua dirisha linalotazama uani, nikaning'iniza uzi usawa wa sanamu. Kichwa cha Mwasisi kilikuwa nyuma ya uzi kwa hatua nzima ya mtu mzima.

"Waheshimiwa," nikasema, "huyu mama hajapinda. Mwasisi ndiye anayeanguka. Msingi umetitia. Nyinyi nyote mnaumwa kwa sababu mmenyooshwa kufuata mtu anayeanguka."

Mheshimiwa Ngwandu aliletewa timazi, akalitazama kwa juu ya mashavu.

"Kijana, kitu hiki kimesimama au kinaning'inia?"

"Kinaning'inia, mheshimiwa."

"Kimefungwa kamba shingoni na kinaning'inia. Hakijishikilii chenyewe. Mgongo hakina. Basi hakina mamlaka ya kuwasemea waliosimama."

"Lakini mheshimiwa, hiki hakiwezi kusema uongo. Ni chuma tu."

"Hata Mwasisi ni wa chuma," akasema, "na yeye ni mkubwa zaidi."

Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba mgeni ameleta kifaa kilicholegea. Mkaguzi mwingine akapendekeza uchunguzi kuhusu ardhi ya Wizara, kwa tuhuma za kutosimama imara chini ya kiongozi. Likapita kwa kauli moja. Kisha hukumu ikasomwa: Ubao, siku tisini, kuanzia leo hii, saa nane mchana.

Bi. Sikudhani hakulia. Alinigeukia tu, akasema taratibu, "Matuta kumi na manne, mwanangu. Kama utaweza. Mbegu ya mwakani usile."

Nikamwahidi yote mawili.

Mheshimiwa Ngwandu alinyanyua muhuri ili aigonge ile hukumu. Aliunyanyua juu sana, kama ilivyo desturi, kwa kuwa kitu kikigongwa kutoka chini kinaonekana hakina uzito. Na pale juu mgongo wake ukalia. Ta! Wote tuliusikia. Akabaki vile vile, mkono angani, macho yamemtoka, midomo inatafuta mama. Muhuri ukamponyoka, ukagonga meza, ukadunda, ukaanguka sakafuni.

Ukumbi mzima ukavua kofia.

Tulisimama dakika moja kwa ajili ya muhuri. Baadhi yetu kwa huzuni ya kweli.

"Leteni mwingine," akasema Mheshimiwa kwa sauti nyembamba.

"Mwingine haupo, mheshimiwa," akasema karani. "Wa pili ulifariki mwaka juzi. Uko pale chini ya zulia."

"Agizeni utengenezwe."

"Agizo linahitaji muhuri."

"Basi toeni kibali cha dharura, mtu mmoja ainame."

Karani alimeza mate. "Kibali kinahitaji muhuri, mheshimiwa."

Karani, ambaye kwa kweli alikuwa kijana wa kujituma, alivua kiatu akajaribu kuunyakua kwa vidole vya mguu. Aliufikia. Aliugusa. Ukabingirika taratibu, kwa heshima zote, ukaingia chini ya kabati la vijitabu.

"Nikuokotee, mheshimiwa?" akauliza Bi. Sikudhani. "Kwangu ni dakika moja."

"Ukiinama utakuwa umetenda kosa lile lile tunalokuhukumia!"

"Haya. Basi naomba niende, nina karanga."

"Huwezi kwenda. Umehukumiwa."

"Hukumu ina muhuri?"

Wakatazamana. Karani aliinua karatasi, akaikagua mbele, akaikagua nyuma, kama muhuri ungekuwa umejificha.

"Haina," akasema.

"Basi hiyo ni barua tu," akasema Bi. Sikudhani, "na barua nimeshazizoea." Akanishika mkono, tukatoka. Hakuna aliyetuzuia, maana amri ya kutuzuia nayo ingehitaji kugongwa.

Hatukujua tuna muda gani. Wangeweza kupata njia kesho, au keshokutwa. Tuling'oa karanga mchana kweupe bila kujali anayesikiliza uani. Ijumaa tukafikisha matuta sita. Jumamosi mvua ikaanza kunukia hewani na bado yalibaki manane. Mimi mikono imechubuka, yeye anang'oa tu, anasimama, anakunywa maji, anang'oa. Kila mbwa akibweka tulidhani ndio wao na Ubao.

Jumamosi alasiri matete yakafunguka, akaingia Mheshimiwa Ngwandu. Peke yake. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa maji kichwani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Kidevu ndani!" tukasema, sisi wawili, tukiwa tumeinama na karanga mikononi.

"Mabega…" akasema, akashindwa kumalizia. "Nimekuja kukagua."

"Kagua, mheshimiwa," akasema Bi. Sikudhani, wala hakuacha kung'oa.

Alikagua kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe huumwi?"

"Leo naumwa njaa tu."

"Hata usiku? Unajigeuza kitandani mwenyewe?"

"Nani mwingine anigeuze, mheshimiwa? Mume wangu alifariki."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaniomba mimi nitazame matete, nami nikayatazama kwa jicho moja. Bi. Sikudhani alikunja tu magoti yake, taratibu kuliko kawaida, kama anayemwonyesha mtoto namna ya kufunga kishikizo. Mheshimiwa Ngwandu akakunja yake. Yalilia. Akashuka kidogo, akasita, akashuka tena, mpaka mkono wake ukagusa udongo.

Akakaa hivyo. Nadhani alikuwa hajaona udongo kwa karibu tangu azaliwe kwenye kapu la kuning'iniza. Aliunusa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu ambaye kiatu kilichombana miaka hamsini kimevuliwa. Aling'oa shina moja. Likaja na karanga kumi na moja.

Alipoinuka alijikung'uta, akarekebisha koti, akatutazama kwa ukali wote wa Wizara.

"Sikuinama," akasema. "Nilianguka taratibu."

Bi. Sikudhani hata hakutabasamu. "Pole sana, mheshimiwa. Serikali inatoa pole. Ukianguka tena, angukia upande huu, kuna matuta manane bado."

Akaanguka upande huo. Jumapili asubuhi alikuja na karani, naye karani akaanguka. Wakaja wakaguzi wanne, wakapatwa na bahati mbaya wote kwa mpigo. Saa tatu akatokea Bwana Chilumba na kijitabu kwapani. Alisimama pembeni ya tuta la mwisho kama mtu anayeogopa maji ya baridi.

"Shemeji," akasema, "huko chini, licha ya barua yangu… kuna nafasi?"

"Anguka tu, shemeji," akasema Bi. Sikudhani. "Ila leo usile kabla ya kukung'uta."

Mvua ilinyesha saa kumi. Karanga zote zilikuwa ndani.

Jumatatu Mheshimiwa Ngwandu alianguka taratibu mbele ya kabati la Wizara akaibuka na muhuri. Ile barua ya hukumu ilikuwa ya kwanza mezani. Aliidondosha mwenyewe, akavua kofia, akaisimamia dakika moja, akasema ilikuwa hukumu nzuri. Nchi, nakiri, haikubadilika sana. Sanamu bado inaanguka na hakuna anayeruhusiwa kuisemea. Bunge bado lina mto. Kitu cha kwanza kugongwa muhuri kilikuwa kijitabu kipya, Mwongozo wa Kuanguka Taratibu, kurasa tisini na sita, usomwe wote ukiwa umeketi, bila kuinuka. Bwana Chilumba amenunua nakala mbili.

Nimerudi kwa mjomba na kilo tatu za karanga. Ameniuliza mgongo vipi, nikamwambia tukutane saiti kesho saa moja, akaniangalia kama nimerudi na homa. Habari hii nimeiandika nikiwa kwenye lile lile kochi, ila kila nikimaliza ukurasa nazunguka nyumba mara moja na kuku wa jirani wameshanizoea.

Sasa hivi karanga moja imenidondoka, ikaingia chini ya kochi. Nimevua kofia, nikaisimamia dakika moja. Halafu nikaanguka taratibu.